Choya Iliyoliwa na Ng'ombe

Tatu mwanangu,

Najua utaanza kwa kucheka. Mama ambaye hata ujumbe wa simu anakutuma wewe umwandikie, leo kajaza kurasa za daftari lako la kidato cha nne! Cheka, lakini usome hadi mwisho. Nimekaa kwenye mkeka nyuma ya jiko, ni alasiri, na wewe umekwenda Rudewa kumuaga bibi yako. Nina muda mpaka utakaporudi. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia haya kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umeshafua shuka.

Mambo ya shuka, ya kula kwa wakati na ya kuwaamkia wakubwa sitayaandika. Unayajua, na usiyoyajua Mikumi itakufundisha. Ninalotaka kuandika ni habari ya jirani yetu mama Kulwa na ile choya ya mpakani. Unafikiri unaijua habari hiyo. Huijui, kwa sababu mimi ndiye niliyekuficha.

Nianzie Kidodi. Ulikuwa darasa la sita baba yako alipoangukiwa na mzigo wa miwa wakipakia lori, mguu ukavunjika, nikaitwa kwenda kumuuguza. Nilidhani ni wiki mbili. Ikawa miezi mitatu. Wewe nilikuacha kwa mama Kulwa, maana nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya shamba letu na wakati ule sikuwa na neno naye. Watu wengi hapa kijijini walikuwa wakiwanung'unikia wale Wasukuma na ng'ombe wao. Mimi sikuwa mmoja wao. Siku waliyohamia, mimi ndiye niliyempelekea moto na ndoo ya maji, nikamwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilikuwa mtu mwema sana nilipokuwa sijanyang'anywa kitu.

Nilirudi kutoka Kidodi nikakuta umenenepa. Mama mwingine angemshukuru Mungu. Mimi niliyatazama mashavu yale nikahisi nimetukanwa. Miezi mitatu mtoto wangu hana mama, halafu ndiyo kwanza ananawiri!

Jioni ile nikakupikia mlenda. Mlenda wangu unaujua, na kijiji kizima kinaujua. Kukiwa na msiba ni mimi ninayeitwa kwenye sufuria la mboga, hata awe amefiwa nani. Ulikula matonge manne, ukanawa, ukaniuliza kwa heshima zote, "Mama, kesho tutapika choya?"

Sikuwa naijua. Niliwahi kuona juisi yake nyekundu ikiuzwa stendi ya Kilosa, wakiiita rozela, lakini kwamba jani lake ni mboga, hilo nilifundishwa na mtoto wangu wa darasa la sita. Ukanieleza kwa furaha, mikono inapaa: kuna kichaka cha mashina mekundu, kikipata mvua kinampita mtu mzima kimo, majani yake ni machachu, yanapikwa kwa karanga, tunda lake lina maganda manene mekundu, unaweza kuyala mabichi, unaweza kuyakausha, unaweza kuyachemsha na sukari yakawa jamu ya kupaka kwenye chapati. "Mama Kulwa alikuja na mbegu toka kwao," ulisema. "Alizibeba kwenye kibuyu njia nzima." Nikakwambia mboga chachu ni mboga iliyochacha.

Sasa nikupe siri ndogo kabla ya ile kubwa. Wiki ile ile, ulipokuwa shule, nilichuma majani ya choya kwa mama Kulwa bila yeye kujua, nikayapika. Nilitaka ukirudi uikute kwangu. Sikujua kwamba yanachemshwa kwanza, maji yakamwagwa, ndipo unaweka karanga. Nilipika na ule uchachu wake wote, na karanga nikaziunguza kwa hasira. Ulionja, ukasema, "Tamu, mama." Baadaye nikakuona unawamwagia kuku. Nilisimama dirishani nikawaona kuku nao wakiacha. Ningeweza kwenda kwa jirani yangu kuuliza inapikwaje, ilikuwa hatua hamsini tu. Niliona bora nife.

Miaka ikaenda, ukaingia sekondari, na kila Jumamosi ulikuwa kwake. Mlikaa barazani na ungo wa matunda ya choya katikati. Alikuwa amekupa kile kipande cha bomba jembamba la chuma, unakichomeka chini ya tunda, unasukuma, kokwa inaruka juu na ganda linabaki zima. Nilikuwa nawasikia mkishindana. Alikuwa anacheka kwa sauti kubwa, mama yule, na wewe ukaanza kucheka kama yeye. Ulirudi na vidole vyekundu na habari tele. Kwangu habari zako zilikuwa, "Salama, mama."

Halafu mkapanda ile ya mpakani. Wazo lilikuwa lake. Alikuja yeye mwenyewe kuniomba ruhusa, akasimama pale kwenye ngazi. "Mama Tatu, watu huku wanakatana mapanga kwa ajili ya mipaka. Sisi tupande choya mstari mzima. Wewe uchume upande wako, mimi nichume upande wangu. Mpaka unaoliwa hauna ugomvi." Nikakubali kwa sababu sikuwa na sababu ya kukataa. Moyoni nilitafuta sababu hadi usiku sikuipata.

Na siku ya balaa ni hii. Ilikuwa Alhamisi, choya imekomaa, mashina yameinama kwa matunda, na Jumamosi mlipanga kuvuna. Ulikuja umebeba kuni, ukasema, "Mama amesema tuvune mapema kabla jua halijawa kali."

Nikakuuliza, "Mama yupi?"

Ukashtuka. "Mama Kulwa, bwana."

"Ulisema mama."

"Si nimefupisha tu, mama, jamani!"

Najua kila mtoto humwita kila mwanamke mama. Mimi mwenyewe nina watoto mia wa namna hiyo hapa kijijini. Lakini nililisikia lile neno lilivyotoka, halikutoka kwa adabu tu, lilitoka kwa mapenzi. Sikulala. Nilikuwa nahesabu: wiki hii ameniita mara ngapi, amemwita yeye mara ngapi. Mtu mzima, nina umri wangu, nahesabu vitu kama hivyo!

Kesho yake Ijumaa, wanaume wakaenda msikitini na wewe ukaenda shule. Unapakumbuka pale mwisho wa shamba, njia ya ng'ombe inapopita kwenda mtoni? Mzee Masanja, mume wa mama Kulwa, alikuwa ameziba uwazi kwa matawi ya mgunga, miba mirefu, ili ng'ombe wake wasiingie kwetu. Kila jioni aliyakagua. Nilikwenda na jembe begani ili anayeniona adhani nakwenda kulima. Nikayashika matawi yale, nikayavuta pembeni, moja baada ya jingine. Nikarudi nyumbani kuchambua mchele.

Baadaye kidogo ng'ombe walirudi kutoka mtoni. Niliwasikia wakiingia. Ng'ombe anapovunja choya inalia, ina shina la nyuzi, halikatiki upesi. Nilikaa na ungo wangu nikasikiliza mpaka wakamaliza. Nimejiambia nisikwambie uongo wowote leo, basi na hili nikwambie: nilisikia raha. Ilikuwa raha ya muda mfupi sana, lakini nilisikia raha.

Uliporudi shule hukulia. Ulitembea ule mstari wote, ukaokota matunda mawili matatu yaliyokanyagwa, ukayatia mfukoni mwa sketi. Mama Kulwa akaja mbio kutoka kwao, mikono kichwani, "Tatu, mwanangu, sijui imekuwaje, mzee aliziba!" Ndipo ukamjibu lile neno. Sikukufundisha kuwajibu wakubwa vile, lakini mdomo uliotumia siku ile ulikuwa wangu. Ulisema, "Ndivyo mlivyo. Mkiingia mahali hamwachi hata jani." Ukampa mgongo. Mimi nilikuwa nyuma yako. Ningeweza kusema. Nilikushika bega, nikakuongoza nyumbani kama mama aliyeonewa.

Kwenye mkutano wa kitongoji hukuwepo, ulikuwa na mitihani. Mzee Masanja alisimama na kofia mkononi. "Mwenyekiti, miba niliifunga mimi, kwa mikono hii. Ng'ombe hajui kuondoa mwiba."

Mtu akadakia kutoka nyuma, "Basi kaondoa shetani!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Tatu. Nilijifunika khanga nikacheka pamoja nao. Wanawake walinizunguka wakanipa pole, wakasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Walipotaka kumtoza yule mzee fidia, nikanyanyuka nikasema mimi nimesamehe. Nimesamehe! Nikasifiwa mkutano mzima. Mwenyekiti akasema kwa moyo huo wa mama Tatu, adhabu iwe moja tu: ng'ombe wa mzee Masanja wasipite tena njia ile. Tangu siku hiyo wanazunguka hadi nyuma ya mashamba ya zamani ya mkonge ndipo wayafikie maji. Kiangazi kilichofuata ndama wao wawili walifia njiani. Ulisikia habari hiyo, ukasema, "Watajua wenyewe." Nikakutazama nikaona nimekulea kweli.

Sasa ni mwaka wa pili. Mama Kulwa hajakanyaga kwetu, na wewe hujakanyaga kwake. Nilipata nilichokitaka, ulibaki wangu peke yangu. Ila ulibaki kimya zaidi. Choya ulinunua sokoni Kilosa, ukaendelea kutengeneza jamu na juisi peke yako, na lile bomba la chuma hukulitupa. Niliona unalifunga kwenye kitambaa na kulificha nyuma ya sanduku. Nililionea wivu hata lile bomba.

Kisha ikaja ile harusi, yule mpishi mkuu wa hoteli ya Mikumi akaonja juisi yako, akaomba namba, na siku alipopiga simu kukuita kazini jikoni kwake uliweka sauti ya nje nami nisikie. Akauliza, "Nani kakufundisha, binti?" Ulinitazama. Ukasema, "Mama." Yule akasema, "Hongera zake mama." Nami nikajibu kwa sauti, "Ahsante, mwanangu." Sijui wewe ulimaanisha yupi. Sijathubutu kukuuliza. Ninalojua ni kwamba nilipokea hongera ya mikono ya mwanamke mwingine, na usiku ule nililala usingizi mzuri.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu vya kutosha, ikaisha jana.

Jana ulipokwenda kununua begi, mama Kulwa alipiga hodi. Nilidhani ni mtu mwingine, nikaitikia karibu. Aliingia, akasimama, hakukaa. Alikuwa na kifurushi cha kitambaa. "Nimesikia mtoto anasafiri. Hizi mbegu za choya, za kule kwetu, zile zile. Mpe apande huko. Usimwambie zimetoka kwangu, hatazichukua. Sema ni zako."

Nikamuuliza kwa nini anipe mimi niseme ni zangu. Nilimuuliza kwa ukali, maana bado sikuwa nimeelewa.

Akasema, "Mama Tatu, siku ile nilikuwa kisimani. Nilikuona na jembe. Nilikuona unavuta miba."

Nilikaa chini, Tatu. Nikamuuliza, umejua miaka yote hii, mumeo amedhalilishwa mbele ya watu, ndama wamekufa, na hukusema? Hata kwa mumeo hukusema?

"Kwa mume wangu nilisema. Aliniuliza hivyo hivyo, mbona husemi." Akaweka kifurushi kwenye kinu. "Ningesema, yule mtoto angekaa na nani? Angekuchukia, na huko kwangu asingekuja, maana mimi si mama yake. Angekosa kote. Nikaona bora anichukie mimi. Kwangu anaweza asije tena, lakini kwako ndiko kwake pa kurudi." Akaaga vizuri, akaondoka zake kwa ile njia ndefu, hakukata shambani kwetu.

Unadhani nilifanya nini? Nililia, ndiyo. Lakini kabla ya kulia nilikasirika. Nikasema moyoni, hata hapa amenishinda! Amekuwa mama kuliko mimi, kwa mtoto niliyemzaa mimi, na kwa miaka miwili, kimya kimya, bila hata kusifiwa. Hata wema wake niliuonea wivu. Nakuandikia haya uone ugonjwa wenyewe ulivyo. Usidhani umenitoka. Naandika jina lake hapa na mkono unakaza kalamu.

Nilikuwa na mpango jana jioni. Nilipanga kukupa zile mbegu na kusema ni zangu. Nilikifungua kifurushi, nikakifunga upya kwa kipande cha khanga yangu, nikakiweka kwenye begi lako chini ya viatu. Asubuhi ya leo nimekitoa. Nimekifunga tena kwa kitambaa chake, kile cha maua ya njano, kiko juu kabisa, utakiona ukifungua zipu. Ni mbegu za mama Kulwa. Yule mpishi akikuuliza tena, mtaje kwa jina.

Sina nasaha kubwa ya kukupa. Watu watakuambia wivu ni kwa ajili ya waume. Si kweli, mwanangu. Utaona mtu jikoni amesifiwa supu yake, au rafiki yako kapata rafiki mwingine, na kitu kitakubana hapa chini ya mbavu. Mimi kiliponibana sikumwambia mtu, nikakilisha, kikakua. Laiti ningekwambia siku ile, "Tatu, naumia unavyompenda yule mama," ungenicheka, tungecheka wote, na choya ingevunwa Jumamosi. Hilo tu ndilo ninalojua, na nimelipata kwa bei ya ndama wa watu.

Kuna jambo moja nimeshalifanya, na nimelifanya kabla ya kuandika ili nisije nikarudi nyuma. Leo asubuhi ulipoondoka kwenda Rudewa nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimwomba aitishe mkutano. Akaniuliza wa nini, nikamwambia ni habari ya miba ya mzee Masanja, nani aliiondoa. Alinitazama sana. Akasema Jumapili. Kisha nikapita nyumba ya jirani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikamkuta mzee Masanja anakamua. Nilimwambia Jumapili nitasimama. Akasema, "Sawa," akaendelea kukamua. Sikustahili zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ukiwa Mikumi siku ya pili tu, huku mama yako atakuwa amesimama mbele ya wale wale waliomsifu. Watacheka, wengine watanitukana, na kwenye misiba sidhani nitaitwa tena haraka. Habari itafika huko. Malori ya miwa na mabasi yanabeba maneno kuliko mizigo, na wako mabinti wa hapa kwetu huko Mikumi.

Gari lako kesho ni saa mbili asubuhi. Ukitaka kupita kwa mama Kulwa kabla ya kuondoka, pita. Lile neno ulilomwambia, nililiweka mimi kinywani mwako, lakini ni wewe utakayelitoa. Mimi nitabaki na begi barabarani. Sitakufuata, sitasikiliza, na ukikawia sitauliza mlikuwa mnasema nini. Nitatamani kuuliza. Sitauliza.

Ukiikuta barua hii leo na hutaki kuniona, lala hata kwa bibi yako, nitaleta begi stendi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nipo hapa hapa jikoni.

Ila nakuomba kitu kimoja. Huko Mikumi mtu akija akakuambia, "Nasikia kuna mwanamke kwenu aliwafungulia ng'ombe shamba la mtoto wake mwenyewe, akawasingizia majirani," usinikane na usinitetee. Mwambie ni kweli, na huyo mwanamke ni mama yangu, na mwenyewe ndiye aliyesema.

Mama yako